Kuandika riwaya ya vijana yenye mhusika mwenye selimundu: mwongozo kamili

Riwaya nyingi za vijana zinazohusu ugonjwa mkubwa huharibikia mahali pamoja: mwandishi anauita ugonjwa anapouhitaji, na akimaliza kazi nao anaufukuza. Msichana anacheka sura ya tatu, anaanguka sura ya saba kwa sababu mpenzi wake amemwacha, anapona sura ya nane, na sura ya ishirini anakufa huku mvua ikinyesha. Msomaji wa miaka 15 anayeumwa kweli anakifunga kitabu pale kwenye sura ya saba, kwa sababu anajua mwili hauendi hivyo.

Mwongozo huu unafuata ugonjwa mmoja kutoka mwanzo hadi mswada kufika kwa mchapishaji: selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu, ambao wengi huuita siko seli. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kila mwaka wanaozaliwa nao, na uko pia kwa wingi Uganda, Kongo, na Kenya upande wa Nyanza, Magharibi na Pwani. Ukiamua kuandika juu ya kisukari cha utotoni, kifafa au saratani ya damu, hatua ni hizihizi. Kinachobadilika ni sheria za mwili.

Hatua ya 1: Funga mahali, mwaka na shule

Usianze na ugonjwa, anza na mahali utakapomtesa mhusika. Selimundu huchokozwa na baridi, kukosa maji, homa na maambukizi, kujichosha kupita kiasi, na msongo wa mawazo. Kwa hiyo ramani ya hadithi ni sehemu ya ugonjwa. Mfano tutakaoutumia hadi mwisho: Mwanaidi, miaka 16, mtoto wa Tanga, amepangiwa shule ya bweni Njombe, kidato cha tatu. Tanga jasho, Njombe usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Tayari una hadithi na hujaandika neno.

Mwaka nao ni lazima ufungwe, maana matibabu yamebadilika sana. Haidroksiyurea, kapsuli inayopunguza mashambulizi ya maumivu, iliidhinishwa kwa selimundu Marekani mwaka 1998, lakini huku kwetu ilianza kusambaa kwa watoto baadaye sana, hasa baada ya majaribio yaliyofanywa Afrika na kuchapishwa kati ya 2017 na 2019. Ukimpa kapsuli hizo binti wa bweni mwaka 2003 kama kitu cha kawaida, umekosea. Hadithi ya mwaka 2011 ambamo hakuna ndugu hata mmoja anayependekeza mgonjwa apelekwe Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu haitaaminika na Mtanzania yeyote aliyekuwa na akili timamu mwaka ule. Na hadithi ya 2024 ina kijana mwenye simu: ameshasoma kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na kwamba Desemba ya mwaka huohuo Marekani iliidhinisha tiba mbili za kurekebisha jeni, moja kwa bei ya dola milioni 2.2 na nyingine milioni 3.1. Msichana anayezibadilisha dola hizo kuwa shilingi kwenye kikokotoo cha simu, gizani, chini ya blanketi, anakupa ukurasa mzima bila daktari kufungua mdomo.

Hatua ya 2: Jaza kadi ya mwili

Kabla ya sura ya kwanza, andika kadi ya ukurasa mmoja kama faili la kliniki. Msomaji hataiona, lakini kila tukio litapimwa nayo. Ya Mwanaidi inasomeka hivi.

Aina: SS, yaani amepokea jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama. Uzito: kilo 41, mdogo kuliko wenzake. Wengi wenye selimundu huchelewa kubalehe kwa mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo Mwanaidi alivunja ungo miezi mitano tu iliyopita, na bwenini wanamwita "mtoto" kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya ugonjwa ambao hawaujui.

Damu: 7.5 (gramu za hemoglobini kwa desilita) akiwa mzima. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi. Za selimundu huishi kama siku 10 hadi 20, kwa hiyo mwenye SS hutembea na damu ya 6 hadi 9 maisha yake yote na mwili umeshazoea. Tukio la daktari kutoka maabara akisema "damu imeshuka hadi saba" na familia kuangua kilio ni kosa. Saba yake ni ya kila siku. Ikishuka hadi nne, hapo lieni.

Dawa: foliki asidi miligramu 5 kila siku. Haidroksiyurea, dozi ya kuanzia miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito. Kapsuli ni za miligramu 500 na hazikatwi, basi kwa kilo 41 anameza moja leo, mbili kesho, wastani wa miligramu 750 kwa siku. Ni kapsuli 45 kwa siku 30. Mama kambebea 180, za siku 120, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kamwomba matron ampeleke hospitali ya wilaya mwezi Machi akapimwe damu, maana dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe. Kwa matumizi ya muda mrefu kucha huweza kupata mistari myeusi. Mistari hiyo ithamini kuliko kurasa kumi za maelezo: ni kitu ambacho msichana mwingine anaweza kukiona wakisukana nywele.

Maji: lita 2.5 hadi 3 kwa siku. Figo za mwenye selimundu hazikolezi mkojo vizuri, kwa hiyo mkojo ni mwingi na anaamka usiku mara mbili tatu. Sasa mweke kitanda cha juu, choo kiko nje ng'ambo ya uwanja, na taa imezimwa saa nne. Wengine hukojoa kitandani hadi umri mkubwa, na hili huwaumiza kuliko mengi yaliyomo kwenye vitabu vya daktari. Usilikwepe kwa sababu halipendezi.

Macho: manjano, zaidi akichoka. Darasa la Kitanzania halitamwita "mgonjwa". Litamwita Yanga.

Ukichagua mvulana, ongeza mstari ambao waandishi wengi huuogopa: uume kusimama kwa maumivu bila hamu yoyote, mara nyingi alfajiri. Hali hiyo ikidumu zaidi ya muda wa saa nne ni dharura ya hospitali. Wavulana hulificha mpaka linawaharibu, na mwandishi anayelitaja kwa aya mbili za kawaida, bila mzaha wala mahubiri, anafanya kazi ambayo pengine hakuna mtu mzima aliyemfanyia kijana huyo. Mchapishaji wa vitabu vya shule anaweza kuguna. Ligombee.

Hatua ya 3: Mpe kitu anachokitaka, na kisiwe kupona

Mwanaidi anataka kuwa msemaji wa kwanza wa timu ya mdahalo, aende mashindano ya mkoa. Basi. Ugonjwa haumo kwenye sentensi hiyo.

Jaribu hivi: ondoa selimundu kwenye muhtasari wako. Je, bado kuna mtu anayetaka kitu, anayezuiwa na mtu, anayedanganya ili akipate? Kama kinachobaki ni wodi tupu, huna riwaya, una kipeperushi cha Wizara ya Afya. Kisha fanya kinyume chake: ondoa mdahalo, acha ugonjwa. Hadithi ikiendelea kama kawaida, basi mdahalo ulikuwa pambo.

Mpinzani asiwe ugonjwa wala asiwe katili wa katuni. Msemaji wa kwanza wa sasa, Neema, analala kitanda cha chini yake, ni mkarimu, humwazima sabuni. Hilo linauma zaidi.

Hatua ya 4: Chora kalenda kabla ya sura

Hii ndiyo hatua inayookoa mswada. Chukua kalenda ya kweli ya mwaka uliouchagua, uweke mihula, likizo, mitihani, Ramadhani, msimu wa baridi. Halafu weka mashambulizi. Vijana wenyewe wengi huyaita kraisisi.

Kraisisi ina mwendo wake. Kwanza siku moja hivi ya dalili: uchovu usio na sababu, macho kuzidi umanjano, kiungo kuvuma. Kisha maumivu hupanda siku ya kwanza na ya pili, hukaa kileleni, halafu hushuka polepole. Kwa wengi wiki moja hivi inatosha kuimaliza, na baada yake kuna siku kadhaa za unyonge ambazo mtu anatembea lakini si mzima. Kwa hiyo shambulio kubwa moja linakula karibu wiki mbili za hadithi. Huwezi kuweka matano ndani ya muhula mmoja na bado binti akaenda mashindano.

Chanzo kitangulie matokeo kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili. Si papo hapo. Kuachwa na mpenzi saa nane mchana na kuanguka saa nane na dakika tano ni sinema.

Kalenda ya Mwanaidi ina tarehe chache tu. Januari 4 anapanda basi la alfajiri Tanga. Safari ya kutwa, na basi husimama porini watu wakachimbe dawa. Msichana wa miaka 16 hataki kuchuchumaa nyuma ya kichaka pamoja na abiria hamsini, basi hanywi maji tangu Chalinze. Umeona? Hakuna aliyekosea, hakuna adui, na tayari mwili umeanza kukauka. Usiku wa Januari 5 goti linaanza. Ni kraisisi ndogo, siku tatu, anaimaliza kitandani kwa panado na diklofenaki akisema ni uchovu wa safari. Februari 14 anaacha kapsuli (sababu iko hatua ya 7). Machi na Aprili ni mzima kabisa, anang'ara mdahaloni. Mwishoni mwa Mei baridi imeingia, mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri na fulana ya mikono mifupi, na kraisisi kubwa. Juni nyumbani. Julai anarudi.

Machi na Aprili zile nzuri usizipitie haraka. Vijana wenye selimundu wana miezi mizima ya kuwa wazima: wanapenda, wanadaiwa, wanapigana, wanafeli hisabati. Kama kila sura ina maumivu, msomaji ataacha kuyasikia.

Kumbuka pia kwamba kraisisi nyingine huja bila sababu yoyote. Ruhusu moja ya namna hiyo, lakini usiiweke kwenye kilele cha hadithi. Pale msomaji ataona mkono wako.

Hatua ya 5: Damu ya familia

Hapa ndipo penye utajiri, na waandishi hupapita mbio wakielekea wodini.

Mtoto mwenye SS amepata jeni kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida ni wabebaji tu, AS, wazima wa afya. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa SS, 50 wa AS na 25 wa AA, yaani asiye na jeni hiyo kabisa. Kila mimba, si kila familia: wazazi wanaweza kupata watoto wanne wote wazima au watatu wagonjwa mfululizo. Mhusika akisema "kati ya wanne lazima mmoja augue", ama mrekebishe ama mwache akosee kwa makusudi.

Nyumbani, lakini, hesabu hii haizungumzwi hivyo. Shangazi upande wa baba anasema, "Kwetu hatujapata kuwa na damu mbovu," na neno "kwetu" linafanya kazi ya kisu. Baba ananyamaza. Mama anabeba lawama miaka 16 kwa kitu ambacho nusu yake kimetoka upande wa anayemlaumu. Mwache Mwanaidi alijue hilo darasani, kwenye somo la urithi, mwalimu akichora miraba minne ubaoni na wenzake wakinakili kama kawaida. Mwalimu mzuri ataongeza kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali, jambo lililoandikwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, na ndiyo maana jeni hii imekaa sana kwenye nchi za mbu. Mwanaidi hahitaji kulia. Anachora miraba minne, anaandika majina ya wadogo zake ndani, halafu anaufuta mmoja.

Onyo kwa wanaopenda siri za ndoa. Ni rahisi kuandika baba anayepimwa na kukutwa AA, kisha nyumba ivunjike. Kabla ya kufanya hivyo jua kwamba maabara hukosea, sampuli hubadilishana, na damu aliyoongezewa mgonjwa karibuni huchafua majibu yake. Na kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Kinachowatenganisha ni kipimo kama elektroforesi. Tabibu wa kwenye riwaya yako anayemwambia kijana "umekutwa na selimundu" kwa kipimo cha kwanza pekee anatangaza ugonjwa ambao huenda haupo. Kosa hilo likifanywa na mhusika ni zuri, likifanywa na mwandishi ni aibu.

Ndugu mzima naye ana hadithi. Kaka mwenye AS aliyeondolewa shule ya kulipia kwa sababu ada imekwenda hospitali ana haki ya kukasirika, na hasira yake isimalizike kwa kukumbatiana.

Hatua ya 6: Kuandika maumivu

Tazama aya ya aina inayorudishwa kila siku:

"Maumivu makali kama moto wa jehanamu yalimchoma kila kiungo. Alilia kwa uchungu, machozi yakimtiririka kama mto. Alijua mwisho wake umewadia."

Na hii:

"Saa tisa usiku goti la kushoto lilianza kuvuma. Mwanaidi hakujigeuza, kitanda cha juu hulia, na Neema ana usingizi wa paka. Alihesabu. Akifika mia mbili na goti bado liko peke yake, ni goti tu. Alifika mia na arobaini, nyonga ikaitika."

Ya pili haina neno "maumivu". Ina mahali, saa, kitu asichoweza kukifanya, na maarifa ya mtu aliyezoea: amejiwekea kipimo chake. Ukiandika maumivu, uliza mambo manne tu. Yako wapi hasa? Yamemzuia kufanya nini kidogo, kama kugeuka, kufungua kifuniko, kuvuta shuka? Anafanya nini ambacho mtu mgeni wa ugonjwa asingekifanya? Nani anasikiliza? Tashbihi moja kwa shambulio zima inatosha, na itoke kwenye maisha yake: mtoto wa Tanga anaweza kuwaza mlango wa basi uliombana kidole, hana sababu ya kuwaza panga la moto.

Wenye maumivu ya kila mara hawaonekani kama tunavyotarajia. Wanaweza kutazama video huku wakiumwa nane kwenye kumi, kwa sababu video ndiyo inayowashikilia. Kutokana na hilo hutokea ugomvi ambao takriban kila mgonjwa anaujua:

"Unaumwa kiasi gani, moja mpaka kumi?"

"Tisa, sista."

"Tisa, na simu unachezea?"

"Nikiiweka chini inakuwa kumi na moja."

Muuguzi huyo usimfanye shetani. Ana wagonjwa thelathini, kaambiwa awe macho na wanaozoea sindano, na zamu yake ilikwisha saa moja iliyopita. Mpe kosa, mpe pia miguu inayouma.

Wodini, vitu vidogo ndivyo vinavyoaminisha. Mshipa haupatikani, kwa sababu umechomwa tangu utotoni. Kijana mwenyewe ananyoosha mkono wa kulia na kusema, "Jaribu huu, kwa ile ya bluu," maana anajua kanula, vile vimrija vya mshipani, kwa rangi kama wengine wanavyojua timu. (Ya njano ni nyembamba zaidi, ya pinki nene kuliko ya bluu.) Watu husema "chupa ya damu" ingawa ni mfuko. Ndugu wanaombwa wakachangie damu, na mjomba mwenye kelele kuliko wote anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Mfuko mmoja unaweza kuchukua hadi saa nne kuingia, kwa hiyo mazungumzo ya saa nne yanawezekana pale. Uji uko kwenye chupa ya chai, na anayeuguza analala kwenye kanga chini ya kitanda.

Daktari asihutubie. Kanuni ya mkono: maelezo ya kitabibu yasizidi sentensi tatu mfululizo, na ya tatu ikatizwe na mtu.

Hatua ya 7: Kuacha dawa, na kifo

Tukio la kweli zaidi katika maisha ya vijana wenye ugonjwa wa kudumu si kuzidiwa. Ni kuacha dawa kimyakimya. Mwanaidi anaacha Februari 14 kwa sababu Neema ameuliza kuhusu kucha, kwa sababu kapsuli zimeanza kumkinaisha, na zaidi kwa sababu ni mzima. Mtu mzima haoni anachotibu.

Sheria ya mwili hapa ni muhimu. Haidroksiyurea huchukua miezi kuleta nafuu yake kamili, na ikiachwa faida huyeyuka kwa wiki na miezi, si kwa siku. Ukiandika kaacha Jumatatu akaanguka Ijumaa, umeandika adhabu ya Mungu. Ukiandika kaacha Februari, akang'ara Machi, akang'ara Aprili, akajihakikishia kwamba wote walikuwa wakimdanganya, kisha Mei, umeandika jinsi vijana wenye akili wanavyonaswa. Kraisisi ya Mei nayo ibaki na shaka: ni kapsuli, au ni baridi na mchakamchaka? Usijibu. Hospitali haitajibu pia.

Na hesabu iwe sahihi. Kuanzia Januari 5 hadi Februari 13 ni siku 40. Kapsuli zilizotumika ni 60. Mama anapolimwaga kopo kwenye mkeka mwezi Juni, anahesabu mia na ishirini. Anahesabu kwa sauti, na hasemi kitu kingine chochote mpaka magharibi. Tukio hilo linasimama kwa sababu namba ni ya kweli. Msomaji mmoja katika mia atapiga hesabu, na huyo ndiye unayemwandikia.

Kuhusu kifo: dhana kwamba mwenye selimundu "hafiki miaka ishirini" bado inazunguka mitaani, na riwaya yako isiithibitishe kwa uvivu. Penye matibabu, wengi hufika utu uzima. Weka kwenye korido ya kliniki mwanamke wa miaka 43 mwenye mkoba wa ofisini anayelalamikia foleni. Asiseme jambo lolote la busara. Mwanaidi amtazame tu viatu.

Kama lazima mtu afe, afe kwa ugonjwa wenye jina. Hatari kubwa kwa kijana aliyelazwa kwa kraisisi ni mapafu: siku ya pili au ya tatu wodini, wakati kila mtu anadhani anapata nafuu, inaingia homa, kikohozi, kifua kubana, oksijeni kushuka. Huo ndio mpangilio. Usimuue rafiki wa wodini ili shujaa ajifunze kumeza dawa. Msomaji aliye kwenye kitanda cha pili atajua umemtumia.

Ucheshi usiuogope. Watoto hawa wana utani mkali kuhusu miili yao, mkali kuliko utakaothubutu kuubuni, na hawana shida nao mpaka mtu mzima anapoutumia.

Hatua ya 8: Maneno

Msimulizi anaweza kusema "anayeishi na selimundu". Mwanaidi hasemi hivyo hata siku moja. Nyumbani husemwa "damu yake haitoshi", "mifupa imemshika", "hali yake ile". Kenya utasikia zaidi sikoseli. Kila mhusika awe na jina lake la ugonjwa, na siku mtu mmoja atakapotumia la mwingine, kama baba kutamka "selimundu" kwa mara ya kwanza, iwe ni tukio. Msimulizi ajiepushe na "mhanga" na "maskini". Shangazi asijiepushe.

Hatua ya 9: Wasomaji wa majaribio

Unahitaji watatu wa aina tofauti: kijana au mtu mzima mwenye selimundu, muuguzi au daktari wa kliniki ya damu, na kijana asiyejua lolote. Muuguzi mpe kadi ya mwili na kalenda kabla ya mswada, atakuokolea miezi. Aliye chini ya miaka 18 asome kwa ridhaa ya mzazi, na mlipe, hata kama ni kidogo, anafanya kazi.

Usimuulize "ulijisikiaje". Utajibiwa "vibaya". Uliza: siku ya kwanza bwenini dawa uliiweka wapi? Nani alikuwa wa kwanza kujua, naye alisema nini? Mwalimu akikunyima ruhusa ya kwenda chooni hufanya nini? Adhabu ya kupiga magoti juani ulikwepaje? Majibu usiyahamishe yalivyo pamoja na kijiji na jina la shule. Badilisha mkoa, jinsia, mwaka.

Asiyejua lolote ulizwe swali moja tu: ulianza kuchoka ukurasa wa ngapi? Kwa kawaida ni pale daktari anapozungumza.

Hatua ya 10: Mswada kutoka nyumbani

Sura 18 hadi 22 za maneno 1,500 hadi 2,000 zinafaa kwa umri huu. Ukilenga shule, fahamu kwamba mchapishaji atahitaji ithibati ya kitabu: Tanzania kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, Kenya kupitia KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala. Hii ina maana mhariri atakodolea macho matusi, mapenzi na lile la mvulana alfajiri. Jiandae kuondoa matusi ili ubaki na mvulana.

Mwishoni mwa kitabu weka ukurasa mmoja, si zaidi, wa maelezo ya ugonjwa: kurithiwa kwa wazazi wote wawili, hauambukizi, kipimo kipo, dawa ipo, na homa, kifua kubana au mkono kupooza ghafla ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Dozi usiziandike, mtu atazimeza. Mchapishaji akitaka kitabu kitoke kwa ajili ya Juni 19, siku ya selimundu duniani, kubali, lakini asiandike "kitabu cha selimundu" kwenye jalada. Kwenye jalada kuna msichana jukwaani.

Ukaguzi wa mwisho ufanye kwa kalenda na kalamu nyekundu, si kwa kusoma. Pitia kila tarehe, kila "wiki iliyopita", kila lita ya maji na kila mfuko wa damu. Tarehe moja ikihama, vingine vinahama nayo. Mhariri akiona Februari 14 inanuka siku ya wapendanao na kuisogeza hadi tarehe 24, sawa, ila rudi kwenye mkeka: siku zilizomezwa ni 50, kapsuli 75, na mama sasa anahesabu mia na tano.